Dirisha la Upande wa Fausta

Katika kijiji chao, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kibaoni, watu walijua Noeli inakaribia kwa kuitazama nyumba ya Emerensiana. Kalenda ya kanisa ilikuwa moja tu, na ilining'inia ukutani kwa Mwalimu Osward, katekista wao. Nyumba ya Emerensiana ilionekana na kila apitaye. Majilio, yale majuma manne ya kungoja Noeli, yakianza tu, alishuka bondeni na kikapu, akachimba udongo mweupe, akaukoroga kwenye beseni, akachovya kitambaa na kuzipaka kuta zote nne mpaka nyumba ikang'aa kama kanzu ya mbatizwa. Waliotoka majarubani na majembe begani wakiiona walisema, "Haya, Emerensiana kashapaka. Tuanze kutubu."

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye viganja vipana na sauti iliyoanzisha nyimbo zote za kigango, kanisa lao dogo. Mumewe, Maiko, alikuwa amefariki masika ya mwaka tisini na tano. Binti yao Prisila aliolewa Mpanda mjini, kule Misunkumilo, akawa anakuja mara moja kwa mwaka, barabara ikiruhusu. Emerensiana alibaki na majaruba mawili ya mpunga, kuku kadhaa, na nyumba ile waliyoijenga yeye na Maiko kwa mikono yao, yeye akiwa ndani na mume nje, mwaka waliooana. Hakuwa mtu wa kunung'unika. Asubuhi alipokunja mkeka alishukuru, jioni alipoutandika alishukuru. Aliyemsikiliza kwa mbali angesema mwanamke huyu hana deni lolote kwa Mungu wala kwa binadamu.

Lakini Padri alipokuja kuungamisha watu kabla ya Noeli, Emerensiana alikaa kwenye foleni mpaka wabaki watu watatu mbele yake, kisha akachomoka.

"Nimeacha maharage motoni," alisema mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akasema vilevile.

"Maharage hayo yanachemka miaka miwili sasa," Nyamizi alimwambia. "Siku yakiiva utatuita."

Nyamizi alikuwa jirani yake, mama wa Kikonongo mwenye ulimi usiojua breki. Emerensiana alicheka, akabadilisha mazungumzo. Siku ya Noeli wenzake walipokwenda kupokea Komunyo, yeye alianzisha wimbo, akaushika kwa nguvu mpaka mwisho, mtu asione kwamba hajanyanyuka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Maiko alipougua, kitanda chake kiliwekwa chini ya kidirisha cha ukuta wa magharibi, apate hewa. Dirisha hilo lilitazamana na nyumba ya Fausta, dada yake mdogo, ng'ambo ya jaruba moja tu. Kila asubuhi Fausta alivuka kwenye tuta na kibuyu cha uji, akampitishia kaka yake dirishani bila hata kuzunguka mlangoni. "Kaka, pokea." Na Maiko, aliyekataa kila kitu, alipokea. Asubuhi moja alikunywa uji wa Fausta akamaliza, akalala, hakuamka tena.

Siku ya matanga, mbele ya watu wote, Emerensiana aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka akasema, "Uji ule ndio uliommaliza mume wangu."

Neno moja tu. Lakini kuna maneno ambayo yakishatoka hayahitaji mtu wa kuyabeba, yana miguu yao. Hakuna aliyemshitaki Fausta, hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kula kwake. Siku za kazi ya pamoja, akina mama walipoleta vyungu vya uji, chungu cha Fausta kilirudi nyumbani kama kilivyokuja. Watoto wadogo waliokuwa wakikimbilia kwake kuomba karanga walivutwa mkono na mama zao. Fausta hakujibu. Alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma, akaondoka.

Wiki moja baada ya matanga, Emerensiana aliziba dirisha lile kwa udongo. Alisema linaingiza baridi.

Kiraka hicho hakikushikana na ukuta hata siku moja. Kilijitenga pembeni kwa ufa mwembamba kama uzi, ukashuka kidogokidogo mpaka chini. Kila Majilio aliupaka udongo mweupe, ukapotea. Baada ya Noeli ukarudi.

Mwaka tisini na saba mvua ilikuja na jina. Redio ilisema inaitwa Elinino, na Nyamizi akasema mvua yenye jina kama mtu ina nia ya kukaa. Malori yalilala siku tatu kwenye tope njia ya Mpanda. Mpunga ulizama, ukaibuka, ukazama tena. Emerensiana alikuwa ameshapaka nyumba yake, mapema kuliko miaka yote.

Dominika ya pili ya Majilio, Mwalimu Osward alisimama mbele akaeleza habari za Yohane jangwani, kwamba mabonde yatajazwa na vilima vitashushwa ili Bwana apite. "Nyie wote mmeiona barabara yetu," alisema. "Lori haliwezi kupita, na Bwana je? Padri anakuja Jumamosi kabla ya Dominika ya nne. Kila mmoja aangalie palipobomoka kwake, asiangalie kwa jirani." Emerensiana aliitikia amina kwa sauti kubwa, akaanzisha wimbo.

Alhamisi yake, alfajiri, ukuta wa magharibi ulianguka.

Haukuanguka kwa kishindo. Kiraka cha dirisha kilitoka kwanza, kikatua nje kama mtu anayeshuka baiskeli. Kisha maji yakapata njia, na ukuta mzima ukafuata, fito zilizoliwa na mchwa zikikatika moja baada ya nyingine. Emerensiana aliyekuwa anawasha moto jikoni alikimbia, akasimama katikati ya chumba chake. Mbele yake palikuwa peupe. Aliona jaruba lililofurika, tuta, na ng'ambo ya tuta, mlangoni kwake, Fausta akiwa amesimama na ufagio mkononi. Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili, na hapakuwa na ukuta wa kusaidia.

Fausta ndiye aliyegeuka kwanza, akaingia nyumbani kwake.

Nyamizi alifika akiwa amejifunika gunia kichwani. Alizunguka kifusi, akaokota kipande cha udongo, upande mmoja mweupe safi, upande wa pili mweusi umeoza.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Huyu mwenzetu ufa ameuziba kwa poda, na ukuta anajenga vilevile!"

Emerensiana alitaka kucheka, machozi yakawahi. Nyamizi akatupa kile kipande, akamshika bega. "Basi, shoga yangu. Ukuta ni udongo tu. Jumuiya ipo."

Na jumuiya ilikuwepo. Wiki nzima wanaume walikata nguzo na fito porini, wakachuna magome ya miyombo kwa ajili ya kamba. Kufikia Jumatano mifupa ya ukuta ilikuwa imesimama. Alhamisi ilipangwa kuwa siku ya kukandika. Siku mbili zaidi na Padri angefika.

Emerensiana hakupata usingizi mzuri siku hizo, na sababu haikuwa upepo. Kupitia fito alimwona Fausta asubuhi akifagia, mchana akianua mihogo, jioni akiingiza kuku. Alimwona akila peke yake, amekaa kizingitini, sahani magotini. Zamani hakuyaona hayo, na asiyeona hulala. Sasa kila akipiga magoti kusali, sala ilitoka nje kupitia fito, ikavuka tuta, ikasimama pale kizingitini na kukataa kupanda juu. Alijua mwaka huu maharage hayatamsaidia. Ama angeliondoa lile neno kabla ya Jumamosi, ama angekaa Noeli nyingine akiimba ili asionekane.

Alhamisi mvua ilipumzika. Watu wakaja kama ishirini, wanaume wakakanyaga tope, wasichana wakalibeba kwa beseni. Akina mama waliweka vyungu vya uji chini ya paa la jikoni. Fausta naye alikuja. Aliweka chungu chake mwishoni kabisa mwa mstari, akakifunika kwa sahani, akaenda kusimama pembeni.

Kukandika ukuta si kazi ya mtu mmoja. Ukibandika donge upande mmoja, linapita katikati ya fito na kuanguka upande wa pili. Wanatakiwa wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wasukume kwa pamoja, donge likutane na donge katikati ya fito na kushikana. Kwa hiyo mnaanzia chini, mnapanda. Mwanzoni mnaonana mwili mzima. Baadaye mnaonana kuanzia kiunoni, kisha kifuani, kisha macho tu. Mwishoni hamwonani tena, na hapo ndipo nyumba imekuwa nyumba.

Emerensiana alikuwa ndani, Nyamizi nje. Walipofika magotini Nyamizi akajishika mgongo.

"Kiuno kimenikataa. Jamani, nani ananipokea?"

Watu walikuwa na kazi zao. Fausta alinawa mikono kwenye ndoo, akaja, akasimama pale nje, akachukua donge. Hakumtazama mtu. Nyamizi akaenda zake kwenye tope, akitembea vizuri kabisa kwa mwanamke aliyekataliwa na kiuno.

Walikandika. Donge kwa donge, kiganja hiki na kiganja kile, udongo wa ndani ukikutana na wa nje. Fausta alikuwa na mkono mzuri. Hakuwahi wala hakuchelewa. Emerensiana alikumbuka kwamba ndivyo alivyokandika Maiko, na kumbe hao wawili walifundishwa na mama mmoja. Mara vidole vyao viligusana ndani ya tope, vikatengana.

Ukuta ukafika kiunoni. Ukafika kifuani, pale lilipokuwa dirisha zamani.

Mwalimu Osward alipita na beseni. "Mama Prisila, hapa dirisha tuache au tuzibe?"

Emerensiana aliendelea kulainisha udongo pembeni.

"Mama Prisila?"

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Tuanze pembeni."

Wakakandika kushoto, wakakandika kulia. Nafasi ikabaki ya upana wa uso wa mtu, na ndani yake, kupitia fito tatu, alikuwa Fausta. Donge lilikuwa mkononi mwa Emerensiana, zito, likidondosha maji kwenye kiwiko chake.

"Fausta."

"Kandika. Udongo unakauka."

"Lile neno nililosema siku ya matanga."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Mimi nimelibeba miaka miwili," Fausta alisema polepole. "Wewe litamke mara moja tu. Lote."

Emerensiana alishika ufito mmoja. "Nilisema uji wako ndio uliommaliza Maiko. Na hata nilipokuwa nalisema nilijua si kweli."

"Sasa kwa nini ulilisema?"

"Kwa sababu siku ile alfajiri nilimpikia uji mimi, akageuza uso. Ukaja wewe na kibuyu chako, akanywa wote, akalamba mdomo. Miaka ishirini na minane nimempikia yule mwanamume, Fausta, na tone lake la mwisho la duniani akalipokea kwako. Nikashindwa. Nilikuonea wivu wa uji."

Fausta aliinamisha kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Emerensiana hakujua kama ni kilio au kicheko, maana vilikuja pamoja.

"Ukwaju," Fausta alisema.

"Nini?"

"Nilitia ukwaju, wifi. Mama alikuwa anatutilia ukwaju kwenye uji tukiugua utotoni. Mgonjwa mdomo wake mchungu, anataka uchachu. Ungeniuliza tu ningekwambia." Alifuta uso kwa mkono wenye tope, akajichora shavu. "Alikuwa anatafuta ladha ya kwao. Hakukukataa wewe."

Wifi. Kwa miaka miwili Emerensiana hakuwa ameitwa hivyo na mtu yeyote.

"Nisamehe."

"Nilikuja leo kwa ajili ya nyumba ya kaka yangu," Fausta alisema, "sikuja kwa ajili yako. Nikuambie ukweli. Lakini nimekusikia, na nimekusamehe, kwa sababu nimechoka kulibeba hili jambo peke yangu. Ila wifi, mimi ndiye niliyekusikia leo. Siku ile walikusikia wote."

Halikuwa shitaka. Lilikuwa jambo la kweli, kama mtu anavyosema mvua inakuja. Emerensiana aliangalia donge mkononi mwake, akaliweka chini.

"Mwalimu!" aliita. "Hapa tunaacha dirisha."

Alitoka nje na tope lake mpaka kwenye viwiko. Watu walikuwa wameshaanza kujipumzisha jikoni, kata zikizunguka, kila chungu kimefunuliwa isipokuwa kile cha mwisho. Emerensiana alikwenda moja kwa moja pale, akaondoa sahani. Mazungumzo yakakatika.

"Fausta," alisema, sauti ile ya kuanzisha nyimbo, "sichoti kwenye chungu cha mtu bila ruhusa. Nipe uji wako. Nipitishie pale pale ulipokuwa ukimpitishia Maiko."

Alirudi ndani ya nyumba, akasimama nyuma ya fito tatu. Watu wakasogea wakiwa na kata zao, wengine mdomo wazi. Mwalimu Osward mwenyewe akachukua panga, akazikata zile fito ili dirisha liwe dirisha. Fausta alichota kata moja ikajaa, akaja mpaka ukutani. Uji kidogo ukamwagikia tope.

"Pokea," alisema.

Emerensiana alipokea, lakini hakunywa mara moja. "Nyie mlionisikia siku ya matanga, nisikieni na leo. Nilisema uongo juu ya huyu wifi yangu. Uji wake ulimburudisha mume wangu mpaka dakika yake ya mwisho, na mimi badala ya kumshukuru nikaona wivu, nikamchafulia jina. Kama kuna mtu aliacha kula kwake kwa ajili yangu, kosa ni langu, si lake." Kisha akanywa. Uchachu wa ukwaju ulimshika pembeni mwa ulimi, ukafuatwa na utamu wa ulezi, na akaelewa, akiwa amesimama pale, kwa nini mtu anayekufa angelamba mdomo.

Kisha Nyamizi, aliyekuwa na tope mpaka magotini, akajipenyeza na kata yake tupu.

"Haya tupisheni. Miaka miwili mnaninyima uji huu kwa sababu ya mambo ya watu wawili! Fausta, jaza. Na usinipimie kama mgonjwa."

Ndipo wakacheka, na baada ya Nyamizi akaja mwingine, na mwingine. Chungu cha Fausta kilirudi nyumbani siku hiyo kikiwa kimekwanguliwa.

Jumamosi Padri alifika kwa pikipiki, kanzu ameikunjia kwenye mfuko wa plastiki. Emerensiana alikaa kwenye foleni. Walipobaki watatu mbele yake, Nyamizi aligeuka nyuma akamtazama.

"Maharage vipi?"

"Yameiva," Emerensiana alisema, na hakuondoka.

Alieleza yote akiwa amepiga magoti. Padri alikuwa kijana, mwenye matope hata kwenye miwani. Alimwuliza, "Neno hilo ulilisema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Padri. Na kulirudisha nimelirudisha mbele ya watu, Alhamisi, nikiwa na tope."

Padri alivua miwani, akaifuta kwa kidole. "Basi mama, mimi nimechelewa kufika. Mungu alishapita hapa." Akamwondolea dhambi, akampa sala tatu za shukrani tu, na Emerensiana akaona ni chache mno, akaongeza nyingine njiani.

Noeli ya mwaka ule nyumba yake haikuwa nyeupe yote. Kuta tatu zilikuwa safi, ya nne ilikuwa udongo mbichi wenye alama za vidole, usiokauka kwa sababu ya mvua. Prisila aliyefika kutoka Misunkumilo baada ya siku mbili njiani alisimama uani akashangaa. "Mama, mwaka huu umepatwa na nini? Watu watasema hukujiandaa."

"Wausome vizuri huo ukuta," mama yake akajibu.

Asubuhi ya Noeli alikuwa anajifunga kitenge cha kanisani, akimshukuru Mungu kama kawaida yake kwa uzima, kwa mtoto aliyefika salama, kwa mpunga ulionusurika. Zamu ya mvua ilipofika alisita, kisha akamshukuru na kwa hiyo, akiitaja kwa jina lake, Elinino. Nuru ya jua la kwanza ilikuwa imetua kwenye bati la paa la Fausta, ikaakisiwa, ikavuka jaruba na kuingia dirishani, ikaweka mraba mdogo kwenye sakafu mahali kilipokuwa kitanda cha Maiko.

Sauti ikaja na nuru ileile.

"Wifi, umeamka? Pokea kibuyu hiki, tusichelewe. Leo unaanzisha wimbo gani?"

"Leo anzisha wewe," Emerensiana alisema, akanyoosha mikono yote miwili. "Mimi wakati wa Komunyo nitakuwa nimesimama kwenye mstari."